Kukodi ndege ndogo: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimekaa miaka kwenye kazi ya kupanga safari za ndege za kukodi, zaidi Arusha na Dar, kidogo na uwanja wa Wilson kule Nairobi, na simu ninazopokea zinauliza mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili mtu asome kabla hajalipa hela. Kama una haraka ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya hali ya hewa, kwangu hiyo ndo sehemu yenye roho za watu ndani yake.

## Ya mwanzo kabisa

Ndege ya kukodi ni nini, tofauti yake na tiketi ya kawaida iko wapi?

Tiketi ya kawaida unanunua kiti, ndege ina ratiba yake, uende usiende itaondoka. Ukikodi unachukua ndege nzima na rubani wake kwa safari yako, unapanga saa na unapanga kiwanja, mjini wanaita chata. Kuna na ya katikati, kampuni za huku zina ndege ndogo zenye ratiba zinazozunguka Zanzibar, Arusha, na viwanja vya Serengeti kama Seronera na Kogatende, hizo unanunua kiti kimoja japo ndege ni Caravan ileile, ndege ndogo ya injini moja inayokodiwa sana huku, na wengi mnasema mmekodi kumbe mmenunua kiti. Ishike hiyo tofauti, inakuja kugusa bima, fidia na hata nani anaamua muda wa kuondoka.

Bei inapigwaje? Mbona nusu saa tu ya safari inakuwa hela yote hiyo?

Bei haiendi kwa kichwa, inaenda kwa saa za ndege kuwa hewani, na saa hizo zinahesabiwa tangu inatoka nyumbani kwake mpaka inarudi. Uko Mafia unataka kuja Dar, ndege inatoka Dar tupu kukufuata, halafu ndo inakurudisha, kwa hiyo umelipia kwenda na kurudi hata kama umekaa ndani nusu saa. Juu yake weka ada za kutua, ada za abiria, VAT, na kama rubani anakusubiri mpaka kesho, chumba chake na chakula chake ni juu yako.

Kinachosaidia ni kuuliza kama kuna ndege inarudi tupu siku hiyo kutoka huko uliko, hapo bei inaweza kushuka sana ila lazima uwe tayari kufuata muda wao. Na ukiwa kundi la watu tisa au kumi gawanya kwa kichwa kabla hujakata tamaa. Omba mchanganuo kwa maandishi, kila kitu na mstari wake, usikubali namba moja iliyotumwa kwa WhatsApp.

Nitapanda ndege ya aina gani?

Mara nyingi ni Cessna 208 Caravan, ndo daladala ya anga la Afrika Mashariki. Ina injini moja ya tabaini, mabawa juu, magurudumu hayakunjwi, abiria mpaka 12 au 13 kutegemea ilivyopangwa viti. Watu watatu wanne wanaweza kupewa Cessna 206, hiyo ni ya pistoni na ndogo kweli. Ukitaka kukimbia zaidi na kupanda juu ya mawingu kuna Pilatus PC-12, na kundi kubwa linapewa Let 410 yenye injini mbili na viti 19.

Choo kipo?

Kwenye Caravan ya kawaida hakipo. Nenda kabla hujapanda, na wazee na watoto wakumbushwe, Arusha mpaka Seronera ni karibu saa nzima na hakuna pa kusimama njiani.

## Usalama wa ndege na kampuni

Injini moja! Ikizima je?

Hili ndo swali la kwanza la kila mama anayempeleka mtoto Zanzibar na nalielewa kabisa. Injini ya Caravan ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, ni injini za tabaini ambazo zimetumika duniani kwa miongo mingi na zinasifika kwa kutosumbua. Ikizima, ndege haianguki kama jiwe, inateleza na hewa ikishuka taratibu huku rubani anatafuta pa kuiweka. Na ndege za injini moja za namna hii zinatengenezwa ziweze kuruka polepole sana wakati wa kutua, mwendo wa kama kilomita 113 kwa saa bado haijapoteza uwezo wa kuelea, ndo maana inaweza kuwekwa kwenye shamba au barabara na watu wakatoka.

Sasa hapo pana mambo mawili. Injini mbili zinasaidia kweli usiku, juu ya maji mengi na juu ya milima, nikiwa na hela na safari ni ya hivyo nachukua mbili. Ila ukiangalia ajali za ndege ndogo, moja ya vinavyoua sana ni ndege isiyo na hitilafu, injini inafanya kazi vizuri, imeingia kwenye wingu lenye mlima ndani. Kwa hiyo mtu anayekataa Caravan kwa sababu ya injini halafu anamsukuma rubani aruke na ukungu wa Ngorongoro, anaogopa kitu kidogo na kukumbatia kikubwa.

Ukweli, ndege ndogo za kukodi ni hatari kuliko ndege kubwa za mashirika?

Ndiyo, na anayekwambia ni sawasawa anataka kukuuzia. Ndege kubwa ina marubani wawili, rada ya hali ya hewa, inatua kwenye lami yenye taa na vifaa vya kuongozea, zimamoto wako hapo. Caravan inaweza kuwa na rubani mmoja anatua kwenye kiwanja cha changarawe na swala pembeni. Haina maana usipande, mimi napanda na watoto wangu wanapanda. Ila zile kinga ambazo ndege kubwa inakuja nazo, huku nyingine inabidi uziombe, na nyingine ziko mikononi mwako wewe abiria.

Ukiweza omba marubani wawili. Kampuni nyingi zinakubali kwa nyongeza kidogo, au bure kama kuna rubani kijana anakusanya uzoefu, kumbuka tu kwamba atachukua kiti kimoja na uzito wake unahesabiwa.

Nitajuaje kampuni ni halali?

Omba vitu vitatu. Kwanza AOC, yaani cheti cha uendeshaji ndege, Tanzania kinatolewa na TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga, Kenya na KCAA, mamlaka ya kule, na angalia tarehe ya mwisho. Cheti kina viambatisho vinavyoonyesha wanaruhusiwa shughuli gani na ndege za aina gani, soma na hivyo. Pili leseni ya kutoa huduma ya usafiri wa anga. Tatu cheti cha bima ambacho kimetaja ndege yenyewe kwa namba ya usajili. Za Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X, Rwanda 9XR, Burundi 9U, Kongo-Kinshasa 9Q au 9S, namba imeandikwa ubavuni na kila mtu anaiona.

Halafu linganisha majina. Jina kwenye mkataba, jina kwenye AOC na jina kwenye akaunti unayolipia, yakipishana uliza kwa nini. Dalali siyo mwizi kwa sababu ni dalali, wengi ni watu wazuri na wanajua soko, lakini dalali harushi ndege, na mkataba wako lazima useme ndege inarushwa na nani. Ukiwa na shaka piga simu TCAA au KCAA uulize. Kampuni safi haikasiriki ukiomba karatasi hizi, inakutumia siku hiyohiyo.

Kuna jamaa ana ndege yake binafsi, anatupeleka kwa nusu bei. Tatizo liko wapi?

Ndege binafsi hairuhusiwi kubeba abiria kwa malipo, na leseni ya rubani binafsi haimruhusu kulipwa. Hata mkiita hela ya mafuta au zawadi, likitokea la kutokea bima inaweza kugoma na familia zikabaki mikono mitupu.

Mchukue Emiliano Sala, mchezaji wa Argentina aliyekuwa anahama kutoka Nantes kwenda Cardiff. Januari 21, 2019 alipandishwa usiku kwenye Piper Malibu ya injini moja, na uchunguzi wa Uingereza ukaja kuonyesha rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo wala ruhusa ya kuruka usiku, na kuna moshi wa sumu, kaboni monoksidi, ulikuwa unaingia ndani ya ndege kutoka kwenye ekzosi. Wote wawili walikufa kwenye bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mtu aliyeipanga ile safari alifungwa miezi 18 mwaka 2021. Sala alikuwa na hela na klabu zilikuwa na hela, kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza, hii ndege ni ya kampuni gani na cheti kiko wapi.

Nimesikia Ulaya imezifungia ndege za Tanzania. Nisipande?

Ni kweli. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, na Juni 2025 ukaongeza makampuni yote yenye cheti cha Tanzania. Kongo-Kinshasa makampuni yake yote yamo humo miaka mingi. Sababu waliyotoa kwa Tanzania ni upungufu kwenye usimamizi wa mamlaka, siyo kwamba walikagua kila Caravan wakaikuta mbovu.

Marufuku yenyewe ni ya kuruka kwenye anga la Ulaya, haimkatazi mtu kupanda ndege kutoka Arusha kwenda Kogatende. Lakini inagusa mawakala wa Ulaya, wageni wao lazima waambiwe, na bima zao za safari nyingine zinaweka masharti, kwa hiyo kama unapokea wageni kutoka huko waambie wasome bima yao mapema. Orodha inapitiwa upya mara kwa mara, angalia toleo la sasa. Na kwako wewe maana yake ni moja, usitegemee mamlaka peke yake, kagua mwenyewe kama nilivyoeleza kwenye swali la kampuni halali hapo juu.

## Uzito na mafuta

Kwa nini mnatupima kilo kama mizigo? Ni aibu.

Najua. Nimeona dada mmoja anapanda mizani amefumba macho na amebeba pochi yake kifuani, na mhudumu mwenye akili akageuza kile kioo cha namba kikaangalia upande wake tu. Omba hivyo kama unajisikia vibaya, ni haki yako. Ila usidanganye kilo zako kwenye fomu, nakuomba kabisa.

Hesabu iko hivi. Caravan inaruhusiwa kuruka na uzito wote wa karibu kilo 3,970. Toa ndege yenyewe na viti na rubani, inabaki kama tani moja na nusu ya kugawana kati ya mafuta, watu na mizigo. Ukijaza mafuta mpaka juu ni karibu tani moja, kwa hiyo kwa watu na mabegi inabaki kama nusu tani tu. Watu 12 wa kilo 80 ni kilo 960, mabegi yao kilo 15 kila mmoja ni 180, jumla 1,140. Inabaki nafasi ya mafuta ya saa moja na kitu pamoja na akiba, kwa kuwa inakunywa kilo 180 mpaka 200 kwa saa. Sasa watu 12 kila mmoja ameficha kilo 8, hiyo ni karibu kilo 100 rubani hazijui.

Na huku kwetu kuna jambo lingine, mwinuko. Kiwanja cha Arusha kiko karibu mita 1,390 juu ya bahari, Wilson karibu 1,690, na saa nane mchana joto limepanda. Hewa ya juu na ya moto ni nyepesi, bawa linashika kidogo, injini inapumua kidogo, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuinuka. Ndo maana ndege ileile inabeba watu 12 kutoka Dar asubuhi halafu mchana Arusha rubani anasema tisa. Hakunyanyasi.

Kwa nini begi laini, na kwa nini kilo 15?

Kilo 15 ni kwa sababu ya hesabu hiyo hapo juu. Laini ni kwa sababu mizigo mingi inaingia kwenye boksi lililo chini ya tumbo la ndege, na mlango wake ni mdogo, sanduku gumu la magurudumu haliingii. Ukiwa na zaidi sema siku unabuki, unaweza kulipia uzito wa kiti kizima. Usiseme uwanjani. Pawabenki na betri za lithiamu zikae nawe ndani, zisiende kwenye mzigo.

Kwa nini tunatua mahali kuongeza mafuta? Tulikodi ya moja kwa moja.

Kwa sababu viwanja vya porini havina pampu, na rubani amechagua kupunguza mafuta ili mbebwe nyote. Kukaa dakika 25 Mwanza au Kilimanjaro ni kitu kidogo.

Chapecoense, timu ya mpira ya Brazil, walikodi ndege ya kampuni ya LaMia kwenda fainali Medellín, Colombia, Novemba 28, 2016. Umbali ulikuwa unakaribia mwisho wa uwezo wa ile ndege, ilitakiwa kutua njiani kuongeza mafuta, haikutua. Yaliisha wakiwa wanakaribia Medellín. Walikufa 71, wakapona 6. Ndege haikuwa na hitilafu yoyote. Tangu siku ile mteja akinilalamikia kituo cha mafuta namsikiliza mpaka mwisho, halafu kituo kinabaki palepale.

## Hali ya hewa na haraka zetu

Rubani amekataa kuruka na hapa jua linawaka. Anatufanyia makusudi?

Jua la hapo ulipo halina kazi, anaangalia mnakoenda na njiani. Viwanja vingi vya hifadhini havina kifaa cha kumwongoza rubani ndani ya wingu, lazima aone ardhi kwa macho. Asubuhi milima ya Ngorongoro inaweza kufunikwa kabisa huku Arusha mjini watu wanaanua nguo kavu. Bukoba ngurumo na mvua za asubuhi kutoka ziwani ni kawaida. Masika, Machi mpaka Mei, panga siku yenye nafasi, na vuli vilevile mchana unajenga mawingu.

Anachofanya ni kupiga simu kule, kuna askari wa hifadhi au mtu wa kambi anasimama kwenye kiwanja anamwambia mlima gani unaonekana na upi hauonekani. Usipompa muda wa simu hiyo unamtoa macho.

Tunaweza kuondoka jioni kidogo, saa kumi na mbili na nusu hivi?

Kama mnaenda kiwanja chenye taa na kampuni imeruhusiwa usiku, inawezekana. Kiwanja cha porini, hapana. Hakuna taa, na jua letu likizama giza linaingia mara moja. Rubani anataka awe ametua kabla jua halijazama na bado ana muda wa kurudi alikotoka kama akikuta tembo wamesimama katikati ya njia. Hesabu yako ya mwisho ya kuondoka inatoka hapo, siyo kwenye saa ya machweo.

Tuna mazishi saa nane, au tunaunga ndege ya kimataifa. Hatuwezi kumpa rubani kitu kidogo ajitahidi?

Hapana. Na hili nitalieleza kwa urefu.

Januari 26, 2020 helikopta ya kukodi ilianguka kilimani Calabasas, California, wakafa watu tisa, nyota wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake Gianna wakiwemo. Kulikuwa na ukungu, rubani akaendelea, akaingia kwenye wingu, akapoteza mwelekeo asijue juu ni wapi. Wachunguzi wa Marekani hawakukuta ushahidi kwamba Kobe wala mtu yeyote alimshinikiza. Walisema shinikizo huenda rubani alijiwekea mwenyewe, alikuwa anamrusha yule mteja mara kwa mara, walikuwa na uhusiano mzuri, hakutaka kumwangusha. Fikiria hapo. Hakuna aliyesema neno na bado lilimwingia. Sasa wewe unayempigia kapteni simu mara nne na kumtajia waziri mnayemwahi, unamwekea mzigo gani?

Na sisi waombolezaji ndo wabaya zaidi, maana tuna sababu ambayo hakuna mwenye moyo wa kuikataa. Juni 10, 2024 Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, alikuwa anaenda mazishini. Ndege yao ya jeshi haikuweza kutua Mzuzu kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, wakaambiwa warudi, hawakufika. Walikufa wote tisa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa upande wa wasukumaji. Miaka mingi nyuma nilikuwa na familia uwanjani, mama mtu mzima amekaa kwenye kiti cha plastiki na kanga mbili begani, mwanae anazikwa siku ile. Rubani akasema mawingu yamekaa chini, tusubiri. Nikamfuata nyuma ya ndege nikamwambia, "Kapteni, mwangalie yule mama." Akanijibu, "Namwangalia, ndo maana siruki." Tukaruka saa tisa, mazishi yakasogezwa mpaka saa kumi na moja, mama akamfikia mwanae. Sijawahi tena kumwambia rubani sentensi ya namna ile.

Kwa hiyo fanya hivi. Mazishi, harusi au mkutano, ndege iwe ya siku iliyotangulia au ya asubuhi yenye masaa manne ya akiba. Kuunga ndege ya kimataifa, usipange kutua chini ya masaa matano kabla, masika lala mjini. Muda wa kuchelewa mwambie mratibu wa kampuni, usimwambie rubani. Na akija kuwaambia hairuki, mmoja wenu mkubwa aseme kwa sauti, "Sawa kapteni, tunasubiri." Maneno matatu hayo yanamtoa mtu mzigo begani, nimeona uso wa rubani unavyobadilika.

## Ukiwa unapanda na ukiwa ndani

Kuna kitu gani cha kuzingatia uwanjani?

Pangaboi ya mbele. Ikizunguka haionekani, na hata ikiwa imesimama usiikaribie wala usipige nayo picha. Mlango wa abiria wa Caravan uko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo pita kuelekea mkiani, kamwe usikatize mbele ya pua. Mtoto ashikwe mkono, kofia ishikwe, na ikipeperuka iache iende.

Maelezo ya usalama yana maana kweli kwenye ndege ndogo?

Yana maana kuliko kwenye kubwa kwa sababu hakuna mhudumu wa kukusaidia. Ukikaa, fungua na ufunge mkanda mara mbili bila kuangalia. Angalia mlango unafunguliwaje, wa Caravan una vipande viwili, cha juu kinapanda na cha chini kinashuka na ngazi zake. Hesabu kwa vidole viti kutoka kwako mpaka mlangoni.

Juu ya maji uliza jaketi okozi liko wapi ulishike, na usilijaze hewa ukiwa ndani. Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia iliyokuwa inaenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikatua baharini Comoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, na wengi walikuwa wamejaza majaketi ndani ya ndege, maji yalipoingia yakawainua mpaka darini wakashindwa kuzama kuufikia mlango. Bukoba nako, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, wakafa 19 na wakapona 24 kati ya 43, na waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Zile dakika za kwanza ni wewe, mkanda wako na mlango.

Naweza kukaa mbele na rubani?

Kama yuko peke yake na akikuruhusu, ndiyo. Miguu isiguse pedeli, kamba ya kamera isining'inie kwenye usukani, na wakati wa kuruka na kutua usimsemeshe, labda umeona ndege nyingine au mnyama njiani, hapo sema haraka.

Mtikisiko wa mchana utaiangusha?

Hapana, ni hewa ya moto inapanda kutoka ardhini. Inachosha tumbo tu. Ruka asubuhi, kula kidogo, kaa usawa wa bawa.

## Hali za pekee

Tunaweza kusafirisha mwili wa marehemu?

Ndiyo, Caravan ina mlango mkubwa wa mzigo upande wa kushoto, viti vinatolewa na jeneza linafungwa chini kwa mikanda. Vipimo vya jeneza na uzito wake vitumwe siku moja kabla, jeneza la mbao nzito lenye vioo linaweza kula nafasi ya ndugu watatu, bora familia ijue nyumbani kuliko kuanza kuchaguana uwanjani. Kibali cha kusafirisha mwili na cheti cha kifo viwe mkononi. Muda, soma swali la mazishi hapo juu tafadhali.

Mgonjwa mahututi je?

Usikodi Caravan tupu ukamlaza kwenye godoro. Tafuta ndege ya wagonjwa yenye oksijeni, daktari na nesi. AMREF Flying Doctors wako Wilson, kazi hiyo wameianza 1957, wana ndege za kufika viwanja vya porini na wana uanachama wa mwaka ambao kwa familia inayoishi mbali na hospitali kubwa ni wa kuufikiria kabla ya shida.

Ikiahirishwa kwa hali ya hewa nani analipa?

Kilichoandikwa kwenye mkataba ndo kinatawala. Kabla ya kulipa tafuta mistari miwili: hela inarudi au inahamia siku nyingine, na hoteli ya abiria ni juu ya nani. Mikataba mingi inawaachia abiria hoteli. Ukibadilisha mwenyewe dakika za mwisho usitegemee kurudishiwa yote.

Likitokea baya, fidia ikoje?

Safari ya kuvuka nchi, hata Arusha kwenda Nairobi, iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania na Kenya zote zimo. Tangu Desemba 28, 2024 kwa kifo au jeraha kampuni inawajibika mpaka SDR 151,880 kwa abiria (SDR ni fedha ya hesabu ya IMF) bila familia kulazimika kuthibitisha uzembe. Safari ya ndani inafuata sheria ya nchi, ndo maana nasisitiza uone kiwango cha bima kwa kila kiti. Na bima yako ya maisha iangalie, baadhi zinatoa nje ndege zisizo na ratiba.

Nimefika uwanjani nimekuta ndege nyingine, siyo ya kampuni niliyolipa. Nipande?

Inatokea, ndege yao imepata hitilafu wakaomba ya wenzao, na kukodishiana siyo kosa. Lakini karatasi za kwanza hazikuhusu tena. Simama hapohapo, piga picha namba ya usajili, omba AOC na bima ya anayerusha sasa, na hakikisha orodha ya abiria ina majina yenu kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho na nakala moja inabaki ofisini chini. Dakika 20 inatosha kwa kampuni iliyo sawa. Ikipita saa nzima karatasi hazijaonekana, chukua mabegi yenu rudini kwenye gari, mambo ya hela mtadaiana baadaye mkiwa wote wazima.